Barafu ya Mwera

6 Machi 2025, Mabawa, Tanga

Joto la leo halina adabu. Wingu limetanda tangu asubuhi na halishuki. Nimenunua daftari hili kwa sababu kila nikimsimulia dada yangu mambo ya kazini ananikata, "Lavu, umeanza tena." Haya, nitayasema humu. Daftari halina pa kukimbilia.

Matokeo ya damu ya wagonjwa wetu wa presha wa Mwera, kijiji cha Pangani, yamekuja. Mara ya kwanza nilidhani nimefungua faili la watu wengine.

Niandike kama ninavyowaeleza wagonjwa, maana ndivyo ninavyofikiri vizuri. Figo ikihisi presha imeshuka hutoa kitu kinaitwa renini. Renini inaamsha mambo mengine, na mwisho wa yote tezi mbili zilizokaa juu ya figo zinatoa aldosteroni, homoni inayouambia mwili ushike chumvi. Chumvi inashika maji, presha inapanda, figo inaridhika, inaacha kutoa renini. Hiyo ni kwa mtu mwenye afya. Wapo watu ambao tezi zao zimeasi, zinamwaga aldosteroni bila kuagizwa. Presha inapaa, figo imenyamaza, renini karibu hakuna, na tezi zinamwaga tu. Hao wape dawa zote za presha zilizoko dukani, hawashuki. Wape spironolaktoni, kidonge cha zamani kinachoizuia hiyo aldosteroni, wanashuka. Kazi yangu tangu nimalize shahada ya uzamivu ni kuwatafuta watu hao hapa pwani, na ni wengi kuliko tulivyofundishwa.

Tanga mjini ni wengi. Horohoro, kule mpakani, ni wengi. Mwera, kwa matokeo ya leo, hakuna. Renini zao zote ziko juu. Hata ya Mama Noa, mgonjwa wangu ambaye kidonge hichohicho kilimshusha.

Nimeikataa ya Mama Noa kwa mdomo, peke yangu ofisini. Nimesema "Hapana" kwa sauti mpaka Mudathir wa maabara akachungulia mlangoni.

7 Machi

Profesa Godlisten amepiga simu kutoka Dar. Ndiye kiongozi wa mradi, ndiye aliyenifundisha, ndiye aliyesimama mbele ya wafadhili akasema "huyu binti ana kichwa." Mambo haya nayakumbuka kila ninapotaka kumjibu vibaya.

"Loveness, umeiona Mwera?"

"Nimeiona, Profesa. Kuna kitu hakijakaa sawa."

"Kimekaa sawa kabisa! Hawa si watu wa pwani. Waliletwa kukata mkonge kutoka Kigoma, Iringa, Njombe, wapi na wapi. Damu nyingine hiyo. Kichwa cha habari ninacho tayari: Renini ya Watoto wa Manamba."

Watoto wa manamba! Babu yangu Mlowe alishuka stesheni ya Tanga kutoka Njombe na kipande chake chenye namba, akakata mkonge mpaka vidole vikakataa kunyooka. Mimi ni mjukuu wa manamba. Renini yangu niliipima mwaka juzi tulipokuwa tunaijaribu mashine, na iko sawasawa na ya jirani yangu Mdigo.

Nikamwambia hivyo. Akacheka, akasema mtu mmoja si takwimu.

9 Machi

Jumapili. Nimeimba kanisani kwa hasira, mwalimu wa kwaya akanisifu.

11 Machi

Nimetoka Mwera sasa hivi. Nimechoka na nimejichukia kidogo.

Mama Noa jina lake Kristina. Ni fundi cherehani, baba yake alikuwa manamba wa Kasulu. Alikuja kliniki yangu mwaka jana na presha ya mia mbili na kitu, ameshakula vidonge vya kila rangi. Nilimpa spironolaktoni kwa kubahatisha. Baada ya wiki chache alikuja bila kushikiliwa mkono, akasema, "Mwanangu, kichwa kimenyamaza." Sijawahi kupewa sifa nzuri kuliko hiyo.

Januari nilimwachisha kidonge, maana kinaharibu kipimo, lazima kitoke mwilini kwanza. Nilimwahidi kwa mdomo wangu kwamba tukishapima nitamrudishia. Leo nimekwenda kumwambia kwamba simrudishii.

Nilimkuta kwenye cherehani barazani, kitambaa cheupe kimejaa mapajani. Parokia imempa kazi ya magauni ya watoto wa komunyo ya kwanza ya mwezi wa sita.

"Shikamoo, Mama Noa."

"Marahaba, dokta wangu. Umeniletea dawa yangu?"

Nikamweleza kwamba majibu yanasema ugonjwa wake si ule tuliodhani, na taratibu za mradi zinataka apewe kidonge kingine.

"Sasa mbona kile kilinifaa?"

"Inawezekana ilikuwa bahati, mama."

"Bahati mwaka mzima?" Akaendelea kukanyaga cherehani. "Haya. Ninyi ndio mliosoma."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma. Nesi Hamdiya wa zahanati alikuwa amesimama pale na swaumu yake, midomo imemkauka, akasema tu, "Dada, mimi nitampima kila wiki." Huyu Hamdiya ananichosha. Ana utaratibu kwa kila kitu, hata pamba anazipanga kwa mstari. Kazi ya nusu saa anaifanya nusu siku.

15 Machi

Mvua imeanza. Dari ya chumbani inavuja palepale pa mwaka jana, na fundi ni yuleyule.

19 Machi

Nimemwambia Mudathir arudie vipimo vya Mwera vyote. Amerudia. Majibu ni yaleyale. "Mashine haina kosa, Dokta," akasema, "labda watu wenyewe." Nikamtukana kimoyomoyo. Nimebishana na mashine, na mashine imeshinda.

24 Machi

Mvua. Hamdiya kaandika: "Presha ya Mama Noa imepanda. Anasema kichwa kinapiga." Nikampelekea Profesa. Jibu: "Ongeza dozi ya hicho kipya."

Nimeongeza dozi. Nimefanya kama nilivyoambiwa.

31 Machi

Idi. Mvua tangu alfajiri, watoto wa mtaa wanapita na nguo mpya wameshika viatu mkononi. Jirani kaniletea biriani na ubwabwa wa nazi. Nimekula, nimelala.

3 Aprili

Mvua, umeme hakuna, jenereta la maabara linakohoa. Hamdiya kaandika tena. Presha haikushuka.

8 Aprili



Nimekwenda Mwera leo kuwatoa damu wagonjwa wachache upya, nione kwa macho yangu. Barabara ilikuwa tope tupu, dereva anaapa njia nzima. Nimefika, Hamdiya ameshaanza. Anatoa damu vizuri, mgonjwa hata hajui sindano imeingia. Kichupa kikajaa, akakiandika jina, akafungua lile boksi la bluu la kubebea chanjo, lenye vibao vya barafu ndani, akakitumbukiza.

"Hamdiya, hiyo nini?"

"Boksi la chanjo, dada. Leo si siku ya chanjo, liko huru."

"Nauliza kichupa cha renini kinafanya nini humo?"

Akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini amevaa viatu.

"Kinangoja wenzake. Siwezi kuiwasha mashine ya kuzungushia damu kwa vichupa viwili, umeme wa sola hautoshi. Vinakaa kwenye baridi mpaka mashine ijae, ndiyo nazungusha, halafu nagandisha kwenye friza. Nyinyi mnavichukua vimeshaganda."

"Tangu lini?"

"Tangu Novemba."

Hapo nikapoteza adabu. Nilipiga kelele mpaka akina mama waliokuwa wakinyonyesha kwenye baraza wakanyamaza wote. "Nilikwambia nini siku ya mafunzo? Mezani! Joto la chumba! Zungusha upesi, gandisha upesi! Nilikwambia barafu kwenye hivi vichupa haramu!"

Hamdiya akavua glovu, moja, halafu nyingine. Akazitupa kwenye ndoo.

"Usinipigie kelele mbele ya wagonjwa wangu, dada. Uliniambia mezani, nikaweka mezani. Akaja Profesa wako na wageni wake wafadhili, akavikuta mezani. Unajua alisema nini? Mbele ya hawahawa wagonjwa? 'Damu ya watu mnaianika kama dagaa?' Akavichukua kwa mkono wake mwenyewe, akavitia kwenye boksi la chanjo, na wageni wakampiga picha. Mimi ni nani nimkatalie profesa? Na mimi, tangu nimeanza kazi hii naimbiwa mnyororo baridi, mnyororo baridi. Chanjo ikipata joto naandikiwa barua. Nikasema basi, dada daktari ndiye aliyekosea, mkubwa wake amemsahihisha."

"Mbona hukunipigia simu?"

"Nilikupigia, wallahi. Ulikuwa Horohoro. Mtandao wa Kenya ulikushika, hukupatikana kutwa. Kesho yake nikaona aibu. Nikupigie nikuulize kama profesa wako mjinga?"

Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa na koti langu jeupe lenye tope.

Sasa niiandike hii sawasawa. Ndani ya damu kuna renini iliyo macho na renini iliyolala. Iliyolala ni nyingi kupita iliyo macho. Baridi ya barafu, ile inayopoza bila kugandisha, inaiamsha. Kichupa kikikaa kwenye barafu asubuhi nzima, mtu asiye na renini anaonekana anayo tele. Ndiyo maana Mwera wote wako juu. Ndiyo maana Horohoro, ambako vichupa vinakaa mezani kwa sababu hakuna aliyewatembelea na wageni, wako chini. Hakuna damu nyingine. Hakuna watoto wa manamba. Ni barafu.

Na watu wote hawa wameachishwa dawa.

Nimepita kwa Mama Noa. Presha mia mbili na ishirini. Alikuwa anashona huku jicho moja amelifumba, mwanga unamuumiza. Nikamwambia kosa ni letu, kesho nakuletea kidonge chako.

"Kesho kweli?"

"Kesho, mama."

9 Aprili

Mvua.

Nimempigia Profesa asubuhi. Nimeeleza taratibu, bila kelele, najisifu kwa hilo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Loveness. Mimi nimefundishwa Ulaya na watu waliokuwa wanaipima renini kabla hujazaliwa. Damu ya renini inakaa kwenye barafu. Tulikuwa tunakimbia na ndoo ya barafu kwenye korido."

"Hiyo ilikuwa zamani, Profesa. Kipimo kile kilikuwa kingine. Siku hizi—"

"Siku hizi nini? Homoni zimebadilika?"

Nikamwambia nitamtumia makala za kusoma. Akasema ana makala za kutosha. Akasema kongamano ni mwezi ujao na muhtasari umeshapokelewa, baada ya hapo kama kuna haja tutarudia, kimyakimya.

"Na Mama Noa?"

"Nani?"

Nilitaja jina lake kamili. Nikataja presha yake. Nikasikia anahamisha karatasi.

"Mgonjwa mmoja hawezi kusimamisha mradi. Kabati la dawa mwambie Mudathir alifunge. Ukimpa hicho kidonge umevunja taratibu za utafiti, na nitakutoa kwenye mradi kwa maandishi."

Nani! Amemtaja kwenye slaidi zake kama nukta, na hajui nukta ina jina.

Nikatoka kwenda duka la dawa la barabara ya kumi na tano. Nimenunua spironolaktoni kwa fedha yangu, ya Mama Noa na ya wengine kadiri mfuko ulivyoruhusu. Nimerudi dereva anasema gari la mradi halitoki, ameagizwa kutoka Dar. Nimemwambia anione kesho akiwa binadamu.

10 Aprili

Mvua usiku kucha. Nimekodi gari la mtu. Maji yamekata barabara mbele yetu, magari yamepanga foleni, watu wameshuka wanatazama maji kama wanatazama mpira. Nimerudi. Nimempigia Hamdiya atafute hicho kidonge Pangani, akasema na kwao hakupitiki, na hata pangepitika maduka ya huko hawana.

Nimeandika kwa Profesa maneno mawili: "Barabara imekatika." Sijui nilitaka ajibu nini. Hakujibu.

11 Aprili

Maji hayajapungua. Nimekaa na vidonge mezani nikivitazama. Nimemfokea dada yangu bila sababu, akaniambia, "Endelea, ukimaliza uje ule."

12 Aprili

Nimevuka.

Niliacha gari, nikakunja suruali, nikavuka na watu waliobeba baiskeli kichwani. Noa, mtoto wa Mama Noa, dereva wa bodaboda, alinipokea ng'ambo. Kijana ana maneno mengi siku zote. Leo hakunisalimia.

"Mama ameanguka jana asubuhi," akasema. "Kwenye cherehani. Hamdiya alikupigia, mtandao hakuna."

Nilipanda pikipiki yake.

Walimlaza zahanati. Mdomo umeenda upande, mkono wa kulia umelala juu ya shuka kama wa mtu mwingine. Hamdiya amekaa naye tangu jana, hajaenda kwake, hajabadilisha nguo. Pamba zake zimepangwa kwa mstari. Nilipoziona pamba zile nikatoka nje nikalia, na sikujali nani ananiona.

Na sikumpa kidonge. Daftari, sikiliza hili. Kiharusi kibichi hakishushwi presha kwa pupa, unaweza kummaliza mtu. Nimevuka maji na dawa mfukoni, nimefika, na udaktari wangu wenyewe ukanikataza kuitoa. Kama angeipata mwezi wa tatu! Kama angeipata Jumanne ile nilipokaa kwenye benchi na koti langu!

Trekta la shamba la mkonge limemvusha mchana kwenda hospitali ya wilaya. Hamdiya alikaa kwenye tela, kichwa cha Mama Noa mapajani mwake, ameshika mwavuli. Mimi nilibaki nyuma na Noa kufunga nyumba. Gauni moja lilikuwa bado chini ya sindano, mkono mmoja umeshonwa, mwingine bado. Noa alitaka kulitoa, akashindwa kuinua ule mguu wa cherehani, akaliacha.

"Dokta," akaniuliza, "ni nani aliyemnyima mama dawa?"

Nikamwambia jina. Jina zima, na namba ya simu nikamwandikia.

20 Aprili

Pasaka. Mvua. Sikwenda kanisani.

27 Aprili

Madaktari wa hospitali na mimi tumekubaliana, Mama Noa ameanza spironolaktoni. Nimewapelekea na wale wengine wa Mwera, nyumba kwa nyumba, na Hamdiya. Amenitambulisha kila mlango: "Huyu ndiye aliyenipigia kelele, lakini ni mtu mzuri." Wanacheka. Na mimi nimejifunza kucheka kidogo.

Barua ya kunitoa kwenye mradi imefika. Naruhusiwa kuhudhuria kongamano kama "mshiriki wa kawaida". Ahsante sana.

4 Mei

Presha ya Mama Noa imeshuka. Kichwa kimenyamaza. Mkono haujarudi.

11 Mei

Mvua imepungua. Profesa kaandika: "Njoo kongamanoni. Tusionekane tumegombana. Keti, sikiliza, tutaongea baadaye kama baba na binti."

Baba yangu alikuwa fundi bomba. Angemtoa mtu huyu kwa mlango wa uani.

16 Mei, Dar es Salaam

Ukumbi una baridi ya kukausha pua. Profesa alipanda jukwaani na suti ya bluu, na lazima niseme ukweli, anazungumza vizuri. Watu walicheka alipotaka wacheke. Ramani ya Mwera, nukta zake nyekundu, zote juu. Watoto wa manamba. Damu tofauti. Tiba tofauti. Nikaitafuta nukta ya Mama Noa nikaipata, ya tatu kutoka kulia.

Wakafungua maswali. Nilinyoosha mkono, na yeye mwenyewe akanichagua, akatabasamu, "Mwanafunzi wangu."

Nilikuwa nimejiandalia hotuba nzima njiani kwenye basi. Nikaitupa yote. Nikauliza kitu kimoja tu.

"Naomba Profesa atueleze damu ya Mwera ilihifadhiwaje, tangu kutolewa mpaka kuzungushwa."

"Swali zuri sana." Akafurahi kabisa, masikini. "Watu hudhani vijijini hatuna viwango. Ilikaa kwenye barafu tangu dakika ya kwanza. Nilihakikisha kwa mkono wangu." Akarudisha slaidi nyuma, ikatokea picha: yeye, mikono ya shati imekunjwa, anatumbukiza vichupa kwenye boksi la bluu. Nyuma yake Hamdiya ameinamisha kichwa.

Si wote walioelewa, ila waliokaa mbele wote ni watu wa homoni na figo. Mama mmoja mtu mzima kutoka Mwanza, bingwa wa figo, akavua miwani.

"Na ya Horohoro, Profesa?" akauliza.

"Horohoro alisimamia Dokta Loveness."

"Mezani," nikasema. "Joto la chumba."

Yule mama akaitazama picha tena, akamtazama Profesa, na alisema bila ukali hata kidogo, "Basi hukuwapima watu wa Mwera, ndugu yangu. Umepima barafu."

Mtu mmoja alicheka nyuma, akajizuia. Profesa alifungua mdomo. Nilimwona anakumbuka simu yangu ya Aprili, neno kwa neno, pale pale jukwaani. Nilidhani nitafurahi. Nilikuwa namwona Mama Noa kwenye tela, mwavuli juu yake, na hasira yangu ilikuwa palepale, haikupungua hata chembe.

19 Mei

Barua pepe ya Profesa kwa wafadhili na kwetu sote: matokeo ya Mwera yameondolewa "kutokana na kosa la kiutendaji la muuguzi wa zahanati."

La muuguzi! La Hamdiya!

Sikungoja kukuche, sikuomba ushauri. Nilijibu kwa wote aliowaandikia, na nikaambatisha picha yake mwenyewe ya boksi la bluu. Nikaandika: "Muuguzi aliweka vichupa mezani, kama alivyofundishwa. Aliyeviondoa anaonekana hapa." Nikatuma.

Jioni ikaja barua ya pili. Fupi. Amekiri. Anaomba radhi kwa muuguzi Hamdiya, na anaomba nimfikishie "mgonjwa husika" pole zake.

Mgonjwa husika.

25 Mei, Mwera

Jua. Tope limeanza kupasuka njiani.

Mama Noa amerudi kwake. Tulikaa barazani, mimi, yeye, Hamdiya na Noa. Cherehani ipo palepale, na gauni lenye mkono mmoja lipo palepale chini ya sindano, hakuna aliyeligusa. Mengine yametundikwa ukutani, meupe, yamekwisha. Nikampima. Presha kama ya msichana. Nikamwambia kila kitu, tangu boksi la bluu mpaka barua ya mwisho, na Hamdiya akaongeza pale nilipoficha.

Alisikiliza kwa jicho moja zima na moja zito.

"Kwa hiyo amekiri," akasema polepole, maneno yanapita upande mmoja wa mdomo.

"Amekiri, mama. Amesema pole."

"Kakwambia wewe."

"Ndiyo."

"Simu yake unayo?"

Noa alikuwa nayo, tangu ile siku ya maji. Akapiga, akaweka sauti kubwa, akamshikia mama yake karibu na mdomo. Iliita sana. Kisha ile sauti nzuri: "Profesa Godlisten hapa."

"Habari za huko, Profesa. Mimi Kristina wa Mwera. Mama Noa."

"Ah. Mama. Pole sana, mama. Kwa kweli nimesikitika mno, na kama kuna chochote—"

"Kipo." Akapumzika, akameza mate. Mkono wa kushoto ukaufuata wa kulia ukauweka juu ya kitambaa, na ule wa kulia ukateleza ukaanguka. "Gauni moja limebaki. Mtoto mwenyewe anakuja kulichukua Jumamosi. Unajua kushona?"

Noa hakuikata simu, na sisi sote tukakaa pale barazani tukimngoja Profesa ajibu.